Munyiva na Kaseti ya Kalekye

Katika ile ploti ya mabati mekundu nyuma ya soko la Kitengela, hakuna aliyeanika nguo bila kujua kwamba Munyiva ataziona. Hakuwa akitoka nje kuzikagua. Alikaa jikoni kwake, mlango nusu wazi, akichambua maharagwe, na macho yake yakitembea kwenye kamba moja baada ya nyingine. Ovaroli ya mpangaji wa chumba cha pembeni ilipokosa kuonekana kwa siku nyingi, Munyiva alijua kwamba kazi ya machimbo ya mawe imeisha kabla mwenyewe hajamwambia mke wake. Jirani mwingine alipoanza kuanika shuka za mtoto kila asubuhi, alijua kwamba yaya amebadilishwa na kwamba mtoto hajamzoea huyo mpya.

"Wewe ungeandikwa kazi ya upelelezi," mumewe Ndambuki alizoea kumwambia akirudi kutoka kiwanda cha saruji, vumbi jeupe bado kwenye nyusi. "Serikali inapoteza mtu hapa."

"Na wewe ungekuwa unaona, singekuwa na kazi ya kuona kwa niaba ya watu wawili."

Hakuwa msengenyaji, angalau hivyo ndivyo alivyojiambia. Alikuwa mtu wa wasiwasi tu. Aliishia darasa la saba huko Makueni, akaolewa, akaja kupanga Kitengela wakati mji bado ni maduka machache kando ya barabara ya Namanga, na tangu hapo alikuwa akiishi kama mtu aliyeshika sufuria ya maji moto katikati ya watoto wanaocheza. Jambo baya lingeweza kutokea wakati wowote, na dawa yake ilikuwa kuliona mapema.

Kanisani walimjua kwa jambo jingine. Munyiva alikuwa mwalimu wa shule ya Jumapili, na watoto wake ndio waliokuwa wakishinda mashindano ya kukariri aya kila makanisa yalipokutana Kajiado mjini. Makanisa mengine yalileta watoto waliovaa vizuri zaidi. Wa Munyiva walikuja na viatu vilivyojaa vumbi na kuwabwaga wote. Siri yake haikuwa siri hasa. Alikaa safu ya mbele kabisa, mikono mapajani, na mtoto alipokuwa akisema aya yake, midomo ya Munyiva ilitembea pamoja naye bila sauti. Mtoto akikwama, hakutazama dari wala msimamizi. Alitazama midomo ya mwalimu, akalipata neno, akaendelea. Kila mtu alilijua hilo, na hakuna aliyelipinga, kwa kuwa kila mwalimu alijaribu kufanya vivyo hivyo. Munyiva aliwazidi wote kwa kuwa hakupepesa macho.

Kalekye, binti yake wa pekee, alikulia kwenye midomo hiyo. Tangu akiwa mdogo wa kusimamishwa juu ya kiti ndipo aonekane, hakuwahi kukosa aya hata moja.

Basi mwaka wa elfu mbili na nne ukafika, na Kalekye akiwa msichana wa miaka kumi na saba akachukuliwa na shule ya kimataifa. Shule hiyo ilikuwa nje ya mji, upande wa kwenda Kajiado, kwenye uwanda ambao upepo haukutani na kitu chochote mpaka uufikie ukuta wake. Watoto wa wafanyakazi wa mashirika na wa mabalozi walilala huko. Kila mwaka shule ilimpokea mtoto mmoja wa maeneo ya karibu bila karo, akija asubuhi na kurudi kwao jioni. Sharti lilikuwa moja. Asipate chini ya nne kati ya saba katika somo lolote. Akishuka, nafasi yake inaondoka mwisho wa muhula, na mtoto aliyekwisha kutoka kwenye mkondo wa shule zetu za kawaida angerudi kuanza kidato cha tatu upya, akikaa dawati moja na watoto aliowapita.

Hisabati haikumtisha Munyiva, kwa sababu hakuielewa. Kilichomkaa rohoni ni fasihi. Kalekye alikuwa amechagua fasihi ya Kiswahili, na wanafunzi wa darasa hilo walikuwa wachache mno hata wangetosha kwenye meza moja. Sehemu ya alama zao ilikuwa mtihani wa mdomo. Mwanafunzi alipewa kifungu kutoka kazi mojawapo waliyosoma, asijue mapema ni kipi. Aliachwa peke yake akisome na kujiandaa, kisha akaingia chumbani na kukichambua kwa mdomo mbele ya mwalimu na redio ya kurekodi. Kaseti ikapelekwa ng'ambo, ikasikilizwa na mtahini ambaye hawangemwona kamwe.

"Kwa hivyo ni Kiswahili," Munyiva alisema siku Kalekye alipomweleza. "Hapo hata mimi niko. Niletee hayo maneno yao."

Kalekye akaleta istilahi: tashbihi, sitiari, tashihisi, takriri, kinaya, taharuki, taswira, nafsi-neni. Munyiva alikuwa hajawahi kusikia hata nusu yake, lakini hilo halikumzuia. Hata vitabu vingine vya Biblia hakuvielewa vizuri, na watoto wake walivikariri bila kigugumizi.

Wakaanza. Asubuhi kabla ya shule, jioni vitunguu vikikaangwa, Jumamosi wakifua.

"Kinaya!"

"Kinaya ni hali ambapo matokeo huwa kinyume na matarajio."

"Takriri!"

"Takriri ni urudiaji wa neno au fungu la maneno kwa ajili ya kusisitiza."

"Umesema haraka. Rudia kama mtu aliyekula."

Muda si muda hata watoto wa ploti wakawa wanaruka kamba wakiimba tashbihi, tashihisi, takriri, na mama mmoja alikuja kuuliza kama hayo ni majina ya malaika. Kalekye alizijua istilahi zote, pamoja na maana na mfano wa kila moja. Munyiva akaanza kulala usingizi mzuri.

Halafu Madam Lorine, mwalimu wa fasihi, akampigia Ndambuki simu na kuomba mzazi mmoja afike shuleni.

Alikuwa mwanamke mwembamba, wa kutoka upande wa ziwa, mwenye sauti ya chini ambayo ilimfanya mtu ainamie mbele ili asikie. Alimkaribisha Munyiva ofisini, akammiminia chai, akaweka redio mezani. "Mama Kalekye, tumefanya jaribio la ule mtihani wa mdomo. Nataka usikilize mwenyewe."

Akabonyeza. Sauti ya Kalekye ikatoka, safi, bila kusita. Katika shairi hili mshairi ametumia tashbihi. Tashbihi ni ulinganishaji wa vitu viwili kwa kutumia maneno kama vile mithili ya na mfano wa. Mshairi pia ametumia takriri. Takriri ni urudiaji wa neno. Mshairi pia ametumia kinaya.

Munyiva alisikiliza, midomo yake ikitembea. Kaseti ilipofika mwisho, alikuwa akitabasamu.

"Madam, hajakosea hata moja."

Madam Lorine aliizima redio polepole. "Kweli. Hajakosea. Sasa niambie, mama, umemsikia anayefua?"

"Anayefua nini?"

Mwalimu akasukuma karatasi mbele yake. Lilikuwa shairi fupi la mwanamke anayefua shati la mumewe kwenye beseni. Analifua, analianika, linakauka, analishusha na kulifua tena, na shati lenyewe halikuwa chafu. Munyiva alilisoma kwa kidole, taratibu, mara mbili. Hakuambiwa mume yuko wapi. Hata hivyo alijua.

"Mwanamke huyu hayumo kwenye kaseti," Madam Lorine alisema. "Shati halimo. Hakuna hata maji. Kuna istilahi tu, zimepangwa kama mawe ya kujengea na hakuna nyumba. Nikiwa mkali nampa mbili. Nikimhurumia, tatu."

Munyiva akaweka kikombe chini. Mbili. Tatu. Alihisi kama mtu aliyesikia mlango ukifungwa kwa nje.

"Ni nani anayemsaidia nyumbani?"

"Ni mimi," alisema. "Mimi ndiye ninayemkaririsha."

Madam Lorine hakushangaa wala hakumcheka, na hilo lilimuuma Munyiva kuliko kicheko. "Mtihani wenyewe ni Alhamisi ya wiki ijayo. Akiwa mle ndani mimi siwezi kumsaidia. Akikwama, nakaa kimya naye. Sauti yoyote ikimwelekeza, hata kikohozi cha kumkumbusha, kaseti imeharibika na hakuna kurudia. Kwa hivyo atakachotoka nacho nyumbani ndicho hicho."

Jioni hiyo Kalekye alimkuta mama yake amekaa bila kufanya chochote, na katika nyumba ile hiyo ilikuwa habari mbaya.

"Madam amekuambia."

"Ameniambia. Kuanzia leo sitaki kusikia takriri wala nini. Soma shairi, kisha uniambie linasema nini."

Kalekye akasoma. Akafungua mdomo. "Nafsi-neni katika shairi hili ni..."

"Hapana."

"Mshairi ametumia..."

"Nimesema hapana! Mshairi muache kwanza."

Mikono ya Kalekye ilikuwa ikipapasa ukingo wa meza kama mtu anayetafuta taa gizani. "Sasa niseme nini, Mwaitu?" aliuliza, akimwita mama kwa Kikamba chao. "Hivyo ndivyo ulivyonifunza. Umenipa hizi vitu, nimezishika zote, sasa unaninyang'anya zikiwa zimebaki siku chache. Mi nishike wapi?"

Siku ya pili ikawa hivyo hivyo, na ya tatu ikawa mbaya zaidi, kwani Kalekye aliacha kula vizuri na kuanza kujibu kwa mabega. Ndambuki alijaribu kuleta mzaha, akauliza kama sufuria imetumia tashihisi kwa vile inalia. Hakuna aliyecheka. Akachukua redio yake akaenda kukaa nje.

Jumamosi walifua. Hapo ndipo mambo yalipolipuka. Munyiva, huku akisuguasugua kola ya shati la kazi la Ndambuki, alitupa jicho upande wa pili wa uwanja na kusema kwa sauti ya chini, "Angalia Mama Moses. Ameanika shuka za wageni. Na leo si siku yake ya kufua. Mama mkwe anakuja, na hakumtarajia, ndio maana hajapata hata wakati wa kuzikamua. Ona zinavyotiririka."

Kalekye akatupa nguo ndani ya beseni hadi maji yakaruka. "Mwaitu, acha hizo! Kila siku uko kwa hiyo kazi ya kusoma nguo za watu. Shuka inatiririka, sijui nani amekuja, sijui nani ameachwa. Si ungenyamaza tu?"

"Mimi nisome nguo za watu?" Munyiva alisimama, povu likimtiririka hadi viwikoni. "Na wewe je? Umepewa mwanamke mzima kwenye karatasi, anafua mbele ya macho yako, na hujamuona! Hata hujajiuliza kwa nini anafua shati safi!"

"Anafua kwa sababu ameambiwa afue! Ni shairi!"

"Nani alimwambia? Taja! Iko wapi hiyo sauti?"

Kalekye alirudi kulipitia shairi kichwani, mstari kwa mstari. Alikuwa na hasira ya kutosha kuwasha jiko. "Hakuna," alisema mwishowe. "Hakuna mtu mwingine kwa hiyo shairi. Ni yeye tu. Na anaongea na shati kama... anaiambia, umechelewa. Shati ndiyo anaiambia umechelewa."

"Aha. Kwa nini?"

"Sababu mwenye shati hayuko. Ako wapi sijui. Lakini akiiacha ikae chafu... hapana, si chafu. Akiiacha ikae kavu, itabidi aikunje aiweke. Akishaiweka, ndio basi. Kwa hivyo anairudisha majini. Anaifua ndio asimalize."

Munyiva alikuwa amesahau povu. "Na hilo la kurudia anafua, anafua, anafua?"

"Hiyo ni takriri," Kalekye alisema, kisha akaziba mdomo kwa mkono uliojaa sabuni kana kwamba ametukana. Wakatazamana. Msichana akaanza kucheka kwa namna ya mtu anayekaribia kulia. "Lakini si ya kusisitiza, Mwaitu. Ni ya kuchelewesha."

Hawakupona siku hiyo hiyo. Kalekye aliweza kusema akiwa amekasirika, na akitulia tu, istilahi zilirudi mbele kama mbuzi waliozoea mlango. Jumatatu alichambua kifungu kimoja vizuri na kingine akakiua kabisa. Jumanne aliamka akitapika. Munyiva alimpa chai ya tangawizi na hakumuuliza swali lolote, na kujizuia huko kulimchosha kuliko kufua.

Alhamisi asubuhi akavaa kitenge chake cha kanisani.

"Unaenda wapi?" Kalekye aliuliza.

"Kukusindikiza."

"Hakuna mzazi anaenda, Mwaitu. Hata wale wa mabalozi. Utaniaibisha."

"Nitakaa mbali. Hutajua kama niko."

Langoni mwa shule walipokelewa na mlinzi, mzee Lesiamon, Mmasai mrefu aliyevaa koti la shule juu ya shuka yake. "Takwenya," alimsalimu Munyiva.

"Iko," alijibu, kwani miaka ya Kitengela ilikuwa imemfunza hayo.

"Leo umeleta mtoto au mtoto amekuleta?"

"Hata mimi sijui, mzee."

Chumba cha mtihani kilikuwa mwisho wa baraza, chenye madirisha ya vioo vya kupangwa ambavyo vilikuwa wazi kwa sababu ya joto. Kulikuwa na benchi nje. Munyiva alikaa upande wa mwisho wa benchi hilo, akiwa amejiambia kwamba hapo ni mbali. Hapakuwa mbali. Kalekye alipita mbele yake akitoka chumba cha kujiandalia, karatasi mkononi, macho yamemtoka, akaingia. Kupitia vioo Munyiva aliona meza, redio, Madam Lorine aliyekunja mikono, na uso wa binti yake uliotazama dirishani.

Akasikia kidude cha redio kikibonyezwa.

"Kifungu hiki," Kalekye alianza, "kinatoka katika riwaya, na kinamhusu mzee anayemtembelea mwanawe mjini. Mwanawe anamkaribisha kiti cha katikati ya sebule. Mzee anachagua kiti kilicho karibu na mlango."

Vizuri, Munyiva aliwaza. Vizuri, mama. Endelea hivyo hivyo.

"Anakaa na kofia yake mapajani. Anakataa kuvua koti. Mwandishi... mwandishi hapa..."

Ndani ya chumba kitu pekee kilichosikika kilikuwa mkanda wa kaseti ukizunguka. Madam Lorine hakusogea.

"Mwandishi hapa ametumia taswira," Kalekye alisema, na sauti ilikuwa imebadilika, imekuwa ile safi, ile isiyo na mtu ndani. "Taswira ni picha zinazojengwa akilini mwa msomaji kwa kutumia maneno. Mwandishi pia ametumia taharuki. Taharuki ni..."

Mbili. Tatu. Munyiva alimwona mtoto wake amekaa na watoto wadogo kidato cha tatu, magoti hayaingii chini ya dawati. Alitaka kugonga kioo. Alitaka kupiga kelele: kofia! Sema kofia! Akajikaza.

"Taharuki ni hali ya..." Kalekye akakwama tena. Na safari hii aliinua macho. Hakutazama dari, hakumtazama mwalimu. Alitazama moja kwa moja kupitia vioo, kwenye benchi, kwenye midomo ya mama yake.

Hapo ndipo Munyiva alipohisi kwamba midomo yake ilikuwa ikitembea. Ilikuwa ikitembea tangu mwanzo. Ilikuwa imefika "ya kumfanya msomaji atamani kujua," na haikuwa na sauti, na hakuna kaseti ambayo ingeinasa. Mtahini wa ng'ambo asingejua kamwe. Angeweza kumpa mtoto wake kila neno, moja baada ya jingine, mpaka mkanda uishe. Na maneno hayo yalikuwa yale yale ya mbili na tatu.

Akafunga mdomo. Kalekye aliendelea kuutazama, akisubiri.

Akaufunika mdomo kwa kitenge. Kalekye akatazama kitenge.

Munyiva akainuka. Kila kitu ndani yake kilisema kaa, ona, ukiondoka hutajua. Alimpa binti yake mgongo, katikati ya kimya kile, akatembea barazani hadi kwenye pembe ya jengo, akakata kona, akaendelea kutembea juu ya nyasi kavu mpaka langoni, mahali ambapo sauti ya chumba kile haiwezi kufika hata upepo ukibadilika.

Lesiamon alimtazama. "Wamekufukuza?"

"Nimejifukuza."

"Mtoto je?"

"Amebaki."

"Ameanza kusema?"

"Sijui, mzee. Nimemwacha akiwa amenyamaza." Na kusema hivyo kulimtoa machozi, kwa kuwa hakukumbuka mara ya mwisho alipotamka neno sijui kuhusu mtu wa nyumbani kwake.

Lesiamon alifikiri kidogo. Kisha akasogeza kiti chake kivulini. "Kaa. Mimi nikichunga, kuna siku ng'ombe anazaa na ananitazama mimi tu. Nikisimama pale hazai. Nikienda nyuma ya kichaka, anazaa."

"Kwa hivyo binti yangu ni ng'ombe?"

"Ng'ombe mzuri," mzee alisema bila kutabasamu. "Ningekuwa na kijana, tungeongea bei."

"Ongea bei na mimi nikiwa nimetulia," Munyiva alisema, akifuta macho, na wakakaa. Gari la mkate likaingia, likatoka. Wingu moja lilipita juu ya uwanda likaburuta kivuli chake hadi upande wa milima. Munyiva alijaribu kutotazama baraza. Alitazama. Akatazama tena viatu vyake.

Kalekye alipotokea, alikuwa akija mbio, na Munyiva alijaribu kuusoma uso wake kutoka mbali na hakuweza.

"Uliniacha!" Kalekye alisema, hata kabla hajafika. "Nilikuangalia ukaamka ukaenda! Mwaitu, hiyo ni nini?"

"Nilikuwa nakuharibia."

"Nilikaa pale kimya, nikafikiri nimekufa. Madam ananiangalia tu. Hiyo kaseti ina kimya kama ya mazishi." Alikuwa akihema. "Nikaona hakuna mtu. Nikarudi kwa karatasi. Nikaiona ile kofia."

Munyiva alishika mkono wa kiti. "Kisha?"

"Kisha nikaongea mpaka Madam akaonyesha saa."

Mwalimu mwenyewe alitokea barazani baadaye kidogo akiwa ameshika bahasha. Hakuruhusiwa kusema chochote, na hakusema. Walijua mwisho wa muhula, kamati ilipokaa na jina la Kalekye likabaki kwenye orodha ya mwaka uliofuata: tano, na maelezo ya mwalimu kwamba mwanafunzi alianza vibaya. Siku ile hakukuwa na tano wala nne. Kulikuwa na barabara ya murram, jua, na mwendo wa kurudi hadi lami.

Munyiva alijiambia hatauliza, na wakati huohuo akauliza. "Huyo mzee. Ulisema nini juu ya koti?"

"Nilisema hataki kukaa. Ndio maana amekaa mlangoni na kofia iko mapajani, si mezani. Amekuja kusema neno na kuondoka. Ana hasira na mwanawe."

"Hapana," Munyiva alisema.

"Hapana nini?"

"Mtu mwenye hasira hakai. Angesimama. Huyo shati lake la ndani limeraruka, na nyumba ya mwanawe ina makochi mazuri. Ana aibu."

"Mwaitu, kwa hiyo riwaya hakuna mahali imesemwa shati imeraruka."

"Na imesemwa wapi kwamba ana hasira?"

"Anajibu kwa neno moja moja! Anaulizwa chai, anasema sitaki. Anaulizwa safari, anasema njema."

"Mtu mwenye aibu pia hujibu hivyo."

Kalekye alisimama katikati ya barabara, begi likimning'inia, akamtazama mama yake kwa namna ambayo hakuwa amemtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayepima uzito wa mzigo kabla ya kuubeba. "Sawa. Lakini mwanawe akitoka kuita mkewe, mzee anainuka anaenda kugusa picha iliyo ukutani. Na bado hajavua koti, na hakuna anayemwona. Kama ni aibu, anamwonea nani?"

Munyiva akatembea hatua kadhaa akilitafuta jibu, na binti yake akamfuata bila kumsaidia.

"Picha ya nani?" aliuliza mwishowe. "Nieleze kutoka mwanzo. Mimi hiyo riwaya sijaisoma."